Plagi ya Karai

Mdogo wa marehemu mume wangu hatengenezi kitu, anaboresha. Ukimpa jiko lililoziba, litarudi na rafu ya kuwekea sufuria na litakuwa bado limeziba. Redio yangu aliichukua kwa ajili ya kitufe cha sauti kilicholegea, akairudisha imepakwa rangi ya fedha na ina taa nyekundu pembeni. Kitufe kimelegea vilevile. Nilipomwonyesha akasema bado kidogo. Mtaani wanamwita Bado Kidogo, na akiitwa anaitika.

Najua mtu ataniuliza kwa nini basi nilimkabidhi Karai. Nilimkabidhi kwa sababu ndiye peke yake aliyewahi kusimama karibu marehemu akilifungua tumbo, akimshikia spana. Wengine wote walikuwa wamelipanda tu.

Karai ni gari la marehemu. Lina magurudumu sita manene, matatu kila upande, na bodi ya faiba iliyobonyea kama beseni la kufulia, ndiko jina lilikotoka. Usukani halina. Lina mikono miwili ya chuma: ukivuta wa kushoto, magurudumu ya kushoto yanashikwa na gari linageukia huko; wa kulia, vivyo hivyo; ukivuta yote miwili linasimama. Likifika kwenye maji linaingia na kuelea, na meno ya zile tairi yanapiga maji kama kafi ndogondogo, polepole, mpaka upande wa pili. Marehemu alilinunua kwa kampuni moja ya nguzo za umeme iliyokuwa imemaliza kazi huku kwetu, akawa anavusha watu na mizigo kwenye bonde la maji. Alipofariki tulilisukuma hadi kwenye kibanda cha mabati nyuma ya nyumba, na kuku wakalihesabu kuwa lao.

Mama yangu anakaa ng'ambo ya bonde hilo. Jicho lake la kulia lilikwisha zamani, na la kushoto lilikuwa na ukungu wa miaka, sasa ukizidi kila mwezi. Alikuwa ameshaanza kumsalimia mbuzi wa jirani na kumwuliza habari za wanawe. Hilo tulilicheka. Alipoungua mkono jikoni kwa mara ya pili, hakuna aliyecheka. Madaktari wa macho huja hospitali ya upande wetu mara moja kwa mwaka, wanakaa wiki, wanaondoka. Jina la mama liliandikwa kwa siku ya Ijumaa. Nesi aliniambia bila kuzunguka kwamba akikosa Ijumaa ni mpaka mwakani, na daktari aliyempima alikuwa ameshasema jicho hilo halitafika mwakani likiwa na cha kuokoa.

Daraja la juu lilikatika kwenye mvua zilizopita na bado halijajengwa. Mitumbwi ipo, inavusha watu kutwa. Mama hapandi mtumbwi. Ulimpindua akiwa msichana, akatolewa kwenye matope akiwa hana sauti, na tangu siku hiyo hata kuutazama hataki. Mtu pekee aliyeweza kumvusha alikuwa mkwe wake, kwa Karai. Nilipompigia simu kumsihi apande mtumbwi huku amefumba macho, akaniambia macho yameshajifumba yenyewe na bado hapandi.

"Nitavuka na cha mkwe wangu," akasema. "Kama hakipo, niacheni niwe kipofu kwangu."

Basi nikamwita shemeji. Nikamwambia nataka mambo matatu tu kwa Karai: liwake, liende, lisizame. Nikayarudia. Akatikisa kichwa kukubali, kwa adabu sana, akazunguka gari mara moja, akapiga bodi kwa ngumi hapa na pale akisikiliza, kisha akaniuliza kama nimewahi kufikiria kulitia paa.

Nikamjibu sijawahi. Akasema, "Usiwaze, shemeji. Kazi ya kufikiria ni yangu."

Lazima niseme haki: kuliwasha aliliwasha. Kuku waliondolewa, kabureta ikafunguliwa na kuoshwa, minyororo iliyokuwa imekamatana kwa kutu akailoweka kwenye mafuta machafu ndani ya ndoo yangu ya kudekia, beringi moja ikabadilishwa. Injini ilikohoa asubuhi nzima, ikatoa moshi mweusi uliozichafua shuka za fundi cherehani anayepanga chumba cha mbele, halafu ikanguruma kama zamani. Niliposikia mngurumo ule nilikuwa ninachambua mchele, nikaacha mikono ndani ya ungo. Nilidhani mtu ataingia mlangoni akiniuliza chai iko wapi.

Tungeishia pale, hata hadithi nisingekuwa nayo. Lakini kesho yake nilipotoka nje nilimkuta anapima sakafu ya Karai kwa futi. Akasema faiba tupu chini ya miguu haina heshima. Akaweka bamba la chuma lenye vipele, akalifunga kwa skrubu kuanzia mbele hadi nyuma, na juu ya bamba akatandika zulia jekundu lililobaki kwenye ukumbi wa mtu. Nikamuuliza zulia la nini kwenye gari la matope. Akasema abiria ni mama mzima.

Baada ya zulia ikaja honi ya lori. Baada ya honi, taa nne mbele, na mama tungemvusha mchana. Halafu paa: mabomba manne yaliyochomelewa, turubai la bluu, na pindo la mapambo linaloning'inia pembeni, ambalo fundi cherehani alilishona mwenyewe kwa siri, wale wawili wakicheka kama watoto. Kila nikitoka na beseni la nguo nakuta kitu kimeongezeka. Siku aliyotaka kung'oa tairi za meno aweke laini zinazong'aa, nilisimama mbele ya gurudumu na mwiko mkononi, nikamwambia hayo meno ndiyo makasia, na atakayeyagusa tutajuana. Akaniambia nina hasira za karibu. Nikaingia ndani nikasali. Nimekuwa nikimwomba Mungu uvumilivu tangu nilipoolewa kwenye ukoo huu, na kila nikiuomba Ananiletea shemeji.

Kuna neno moja nililokuwa nikimkumbusha kila siku. Marehemu hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini kabla ya kuingia majini alikuwa na lake asiloliacha: "Kabla ya maji, plagi." Alilisema kama wengine wanavyosema bismillahi au kupiga ishara ya msalaba. Kwa hiyo asubuhi nikimpelekea shemeji chai namuuliza, "Plagi umeangalia?"

"Nimeangalia."

"Hakika?"

"Nimebadilisha zote mbili, shemeji. Mpya. Zinatoa cheche ungeweza kuwashia sigara."

Nami nikaridhika, kwa sababu plagi ni plagi. Hata mimi niliyeishia darasa la saba najua injini ina plagi, na kwamba ikiloa gari linazima.

Jumatatu tulilipeleka kujaribu kwenye bwawa lililobaki pale walipokuwa wakichimba udongo wa matofali. Fundi cherehani alifunga chumba chake akatufuata na kiti. Shemeji alivaa shati la kutokea. Akapiga honi, watu wakatoka majumbani, akashusha Karai majini taratibu, na kweli lilielea, likaenda. Watu wakapiga makofi. Nami nilianza kumshukuru Mungu kwa sauti ndogo, nikaona shemeji anainua mguu mmoja. Halafu wa pili. Zulia jekundu lilikuwa linapanda kama mkate. Alipofika katikati maji yalikuwa magotini, taa zote nne zinawaka, naye bado anapungia watu mkono.

Walimvuta kwa kamba. Fundi cherehani alimuuliza kama hilo nalo ni boresho, gari linalokuja na bwawa lake ndani. Watu walicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa ninahesabu siku zilizobaki hadi Ijumaa.

Jumanne alisema ni nyufa. Akaliinua Karai juu ya magogo, akalala chini yake na tochi, akaziba kila mkwaruzo kwa faiba na gundi mpaka nyumba nzima ikanuka kama duka la rangi. Nami nilijilaza chini pale kwenye mkeka, kwa sababu simwamini mtu ninayemsikia bila kumwona. Nyuma kabisa, upande wa chini, niliona tobo la duara lenye pete ya shaba, safi, kama la kupitishia kidole gumba. Nikamuuliza hilo je.

"Hilo la kiwandani," akasema. "Huoni pete? Hiyo gia inapumulia hapo. Ukiziba unaiua."

Nikamuuliza ana uhakika linaingia kwenye gia. Akasema kwa ndani hapaonekani linakoingia kwa sababu ya bamba, lakini kiwanda hakiwezi kutoboa chombo cha majini bila sababu. Hapo hata mimi nikaona ana maneno. Nani atengeneze karai halafu alitoboe?

Jumatano tukarudi bwawani. Likazama upesi zaidi, maana sasa lilikuwa na uzito wa gundi. Safari hii hakukuwa na makofi. Shemeji alikaa ukingoni na shati la kutokea limeloa, akaanza kuniambia kwamba faiba ikizeeka inakuwa kama sponji, inakunywa maji yenyewe, kwamba dawa ni bodi nzima ya chuma, na yeye angeweza kuichomelea, mwezi mmoja tu, bado kidogo.

Sijawahi kumpandishia mtu sauti mbele za watu, na siku ile pia sikupandisha. Nilimwambia polepole. "Shemeji, mama yangu anapofuka. Hajakuomba paa. Hajakuomba taa. Hata angekuwa na taa mia, haoni. Niliomba mambo matatu, umenipa kumi na mawili, na lile la tatu halimo."

Akainamisha kichwa. Alipojibu hakuwa na ule mzaha wake. Akasema, "Marehemu hakunionyesha yote, shemeji. Alikuwa akifika majini ananituma nitangulie na mizigo kwa mtumbwi." Kisha akaongeza kwamba kitu asichokijua hawezi kukitengeneza, anachoweza ni kukipendezesha, na ningemwacha walau afanye hicho.

Tukalisukuma Karai nyumbani, fundi cherehani akisukuma pia bila kusema neno, na kwake hiyo ni kazi kubwa kuliko kusukuma.

Nilipofika nilipeleka hasira zangu kwenye vyombo. Nilijaza sinki, nikamimina sabuni, nikabana simu kati ya sikio na bega, nikampigia mama kumwambia kuwa haitawezekana. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumsihi kwa mara ya mwisho apande mtumbwi. Hakuniacha nifike huko.

"Nasikia mmelitia paa," akasema. Habari kwetu hazina shida ya daraja.

"Paa lipo, mama. Linazama na paa lake."

"Plagi mnayo?"

"Tunazo. Mpya, zote mbili."

"Mbili za nini?" mama akauliza. "Mkwe wangu alikuwa na moja. Tukiwa nchi kavu ananipa niishike. Ananiambia, mama, shika plagi, ukiidondosha tumekwisha. Tukifika majini ananiomba, anainama kule nyuma, anaipachika. Tukitoka anaichomoa maji yamwagike, ananirudishia. Njia nzima nimeishika mkononi, ningeisahauje?"

Nikamuuliza ikoje.

"Ya mpira. Imekaa kama uyoga. Kichwani ina pete, mimi nilikuwa ninatia kidole humo."

Mkono wangu ulikuwa ndani ya maji ya sabuni. Nilipapasa chini ya sahani, nikakuta pete, nikatia kidole, nikavuta. Kikatoka kizibo cha sinki langu, cha mpira mweusi, kama uyoga, na maji yote yakaanza kuteremka yakikoroma.

Hapa nieleze kidogo. Sinki hilo lilipoteza kizibo chake zamani, na kwa miaka nilimsumbua marehemu aninunulie kingine. Kila akitoka namkumbusha, kila akirudi amesahau, nikawa ninaziba kwa kitambaa. Alipofariki, hospitali ilinipa mfuko wa vitu vilivyokuwa kwenye koti lake: funguo, leso, na kizibo. Nilikijaribu kwenye sinki kikaingia kama kimepimwa. Nikajua alikuwa ameninunulia hatimaye, akafa kabla hajanikabidhi. Siku ya mazishi nililia kama watu wanavyolia. Kwa kile kizibo nililia peke yangu jikoni, nikamshukuru Mungu kwamba mume wangu alinikumbuka mwisho kabisa. Tangu hapo nimeosha vyombo kwa heshima.

Kumbe hakuwa amenunua. Alikuwa amesahau mpaka mwisho.

"Umenyamaza," mama akasema. "Mmeipoteza?"

"Ninayo, mama," nikasema. "Jiandae. Kesho tunakuja."

Nikatoka nje na kile kizibo kinachuruzika povu, nikamkuta shemeji amekaa juu ya gurudumu. Nililala kwenye mkeka chini ya Karai, nikakipachika kwenye lile tobo la pete ya shaba, kikaingia kama kilivyoingia kwenye sinki. Yeye alikuwa ameinama ananitazama. Akapapasa ile pete ya shaba, akasema, "Sasa kama hiyo ndiyo plagi, angesema kizibo."

"Angesema," nikajibu. Huyo ndugu yake angesema mambo mengi.

Shemeji akachukua bisibisi, akaanza kufungua bamba la sakafu bila kuambiwa. Chini yake tobo lilikuwa pale, linatazama moja kwa moja ndani ya tumbo la gari, halina gia wala pumzi. Paa nilimwambia aling'oe kwa sababu upepo wa bondeni ungelipindua gari. Aling'oa, lakini kila bomba alilishusha kama anazika mtu, na pindo la fundi cherehani alilikunja vizuri akaliweka mfukoni. Zulia nikalianika. Honi aliniomba, nikamwachia. Mtu hawezi kunyang'anywa vyote.

Alhamisi asubuhi tulifika ukingoni. Niliinama nyuma mwenyewe, nikapachika, nikakaza kwa kiganja. Shemeji alishika ile mikono miwili, akanitazama, akasema kwa sauti ya kaka yake kabisa, "Kabla ya maji, plagi." Nikasema imo. Tukaingia. Nilitazama sakafu njia nzima, sikutazama kitu kingine, na sakafu ilikaa kavu mpaka matope ya ng'ambo yalipotupokea. Nilitaka kusema sala ya shukrani, shemeji akapiga honi.

Mama alikuwa ameshavaa na ameketi juu ya mzigo wake. Hakutusalimia kwanza. Alinyoosha mkono, nikamwekea plagi kiganjani. Akaipapasa, akaipeleka puani.

"Inanuka sabuni," akasema.

"Ni habari ndefu, mama."

Akatia kidole kwenye pete, tukampandisha. Tulipofika majini shemeji alimwomba kwa adabu, akampa, tukaipachika, tukavuka. Ijumaa aliingia chumba cha daktari mapema, na mimi nilikaa kwenye benchi la nje nikitembeza midomo kwa sala mpaka nesi akaniuliza kama nina kiu.

Kitambaa cha jicho kilifunguliwa kesho yake. Alinitazama kwanza mimi, akasema nimezeeka. Alimtazama shemeji, akasema alimdhania mrefu. Tulikaa naye nyumbani mpaka daktari aliporidhika, na siku zote hizo plagi ilirudi kwenye sinki, kwa sababu Karai likiegeshwa tobo linatakiwa liwe wazi mvua isilijaze, na mimi nina vyombo vya kuosha. Shemeji ameahidi kunitengenezea kizibo changu peke yangu, kitakachokuwa na mnyororo na taa. Bado kidogo.

Siku ya kumrudisha tulimtoa mama hadi nyuma ya nyumba. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuliona Karai, maana zamani zote mkwe wake alikuwa akimpandisha akiwa na ule ukungu. Alilizunguka mkono mgongoni. Akatazama viraka vya gundi, mabomba ya paa yaliyokatwa yakabaki vishina, taa nne, minyororo, kisha akachungulia lile tobo la chini, akatazama kidude cha mpira kilichokuwa mkononi mwake, akatazama tena tobo.

"Mkwe wangu alikuwa ananivusha na hiki?"

"Hiki hiki, mama."

Shemeji akaanza kumweleza kuwa kuna mpango wa kukiboresha. Mama alimnyamazisha kwa kidole, kile kile chenye pete ya plagi.

"Kile kitambaa cha hospitali mmekitupa?" akaniuliza. "Kilete. Nifunge hili jicho mpaka tufike ng'ambo."